Kosa Dogo la Mwanzo

Kwa miaka kadhaa nilifundisha jambo lisilo kweli. Nikawapa alama waliolikariri, nikamnyima alama aliyelikataa.

Jambo lenyewe ni hili. Nilisema kwamba ukiijua sheria inayokiendesha kitu, na ukaijua kwa makadirio mazuri hali yake ya leo, basi utaijua kwa makadirio mazuri hali yake ya kesho, ya mwezi ujao na ya mwaka ujao. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba kosa dogo mwanzoni huzaa kosa dogo mwishoni. Hakuna aliyenisahihisha, maana maneno hayo yanaingia akilini bila kubisha hodi. Pengine hata wewe unayesoma umeyakubali sasa hivi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja kisiwani Mafia. Kwetu ni Bweni, kaskazini kabisa mwa kisiwa, jirani na Ras Mkumbi, penye mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892, miaka miwili baada ya kisiwa kuingia mikononi mwao. Pale rasini kuna mwamba wa matumbawe, mkali, umelika chini kwa mawimbi, una nyufa zinazobaki na maji hata bahari ikishakupwa. Pweza hujificha humo. Katika ufa mmoja nilisimika mti wenye alama za sentimita ili nipime maji. Kosa langu lilianzia hapo, kwenye kazi niliyoifanya vizuri.

Kujaa na kupwa kwa maji ni miongoni mwa mambo machache yanayotabirika miaka mingi mbele. Mwezi huivuta bahari, jua nalo huivuta, na dunia huzunguka chini ya mivuto hiyo miwili. Mvuto wa mwezi huleta wimbi linalojirudia kila baada ya saa 12 na dakika 25. Wa jua, kila baada ya saa 12. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mawimbi hayo husukuma pamoja, tukapata bamvua, na hapa kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Katikati ya hapo hupingana, tukapata maji mafu. Hayo mtoto wa Bweni anayajua kabla hajaanza shule. Anachoongeza mwanafizikia ni dakika. Hupima kina cha maji saa baada ya saa, akayachambua mawimbi yaliyomo, kila moja na ukubwa wake, halafu akayajumlisha upya kwa siku zijazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kapi ya kufanyia jumla hiyo. Mimi nilitumia kompyuta ya shule.

Jedwali langu likakubali. Wanawake wanaokwenda pweza wakaanza kunipigia simu usiku. "Mwalimu, kesho yanakupwa saa ngapi?" Nikataja saa na dakika, na kesho yake maji yakapwa kama nilivyosema. Vijana wa ngalawa wakabandika nakala ya jedwali kwenye banda la pwani. Nikaanza kuulizwa mambo mengine, nami nikaanza kuyajibu.

Wakati huo nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja wa Pierre-Simon Laplace, ule unaonukuliwa na kila mtu. Mwaka 1814 Mfaransa huyo alifikiria akili inayojua mahali kilipo kila kitu ulimwenguni na nguvu zote zinazokisukuma. Kwa akili hiyo, alisema, hakuna kitakachokuwa cha mashaka. Yajayo na yaliyopita yote yatakuwa wazi mbele yake. Laplace huyohuyo ndiye aliyeweka msingi wa hesabu za kujaa na kupwa kwa maji katika miaka ya 1770. Nikajiona nimo katika njia yake. Hewa nayo, nikasema, inapashwa moto na kusukumwa kwa sheria zilezile zinazoyasukuma maji. Kwa nini mvua isiwe na jedwali?

Nikatafuta rekodi za mvua za miaka iliyopita, nikazichambua kwa njia niliyochambulia maji. Kila nilipoongeza wimbi, jedwali lilizidi kufanana na miaka ile. Nilipofikisha mawimbi mengi vya kutosha, lilifanana nayo karibu siku kwa siku, nami nikafurahi mno. Sikujiuliza swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa takwimu angejiuliza. Mawimbi ya maji sikuyachagua mimi: muda wake umewekwa na mzunguko wa mwezi na jua, na ungekuwa uleule hata kama nisingepima kitu. Mawimbi ya mvua niliyabuni mwenyewe mpaka yakakubali. Ukiruhusiwa mawimbi ya kutosha unaweza kuufuata mstari wowote uliokwisha kupita, hata uliotokana na kurusha shilingi, na bado usijue lolote kuhusu mrusho unaofuata.

Mjomba wangu ana minazi nyuma ya kijiji, na sehemu ya riziki yake ni mbata. Kazi ya mbata ni kubahatisha na jua. Nazi huanguliwa, zikafuliwa kwenye kifuo, zikavunjwa vipande viwili na kuanikwa vikiangalia juu. Siku za kwanza nyama huanza kujitenga na kifuu. Huchokolewa, ikaanikwa tena mpaka ikauke kabisa. Kazi nzima huchukua takriban wiki moja ya jua kali. Mjomba huifanya kwa mafungu madogo. Fungu moja likikauka ndipo huvunja jingine. Nilimwuliza zamani kwa nini hajifungi kibwebwe akamaliza mara moja, akanijibu kwamba fungu dogo, wingu likitokea, watu wawili huliingiza bandani kabla uwanja haujalowa.

Ilikuwa mwishoni mwa kaskazi, masika hayajaingia. Alikuwa na mlima wa nazi nyuma ya nyumba na alitaka kuezeka chumba kimoja kwa mabati kabla ya mvua kubwa. Nilimpitia jioni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Mwalimu. Hilo jedwali lako linasemaje?"

"Linasema kukavu, wiki hii yote na ijayo. Vunja zote, mjomba."

"Zote?"

"Zote. Ukienda kwa mafungu, masika yatakukuta katikati."

Akaitazama mashariki, akasema kwa kawaida wakati huu mvua huwa haijaja, ila huwa pia inakuja, na Mungu ndiye ajuaye. Jibu la namna hiyo lilikuwa likinikera. Niliona ni la mtu anayeogopa kusema neno likamshika. Nikamwonyesha mstari kwenye simu. Akauangalia kwa muda, akauangalia na uso wangu, akakubali. Alinikubali kwa sababu maji ya bahari hayakuwahi kuniaibisha.

Alivunja nazi zote. Majirani wawili waliosikia wakafanya vilevile.

Mvua ilikuja usiku wa siku ya tatu, wakati nyama imeanza tu kuachana na kifuu. Haikuwa mvua ya kutisha. Ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena, kwa siku kadhaa bila jua la kueleweka. Banda lilijaa mara moja na nazi nyingi zikabaki nje chini ya makuti. Asubuhi ya kwanza niligusa kipande: kilikuwa na utelezi kama sabuni iliyolowa. Baadaye ukatokea ukungu, kwanza mweupe, kisha wa kijani, kisha mweusi kwenye kingo. Mnunuzi kutoka Kilindoni alipofika alichukua kipande akakikunja. Mbata iliyokauka hukatika kwa mlio. Ile ilipinda. Akakirudisha chini, akajipangusa mkono, akauliza kama kuna nyingine.

Hasara ilikuwa mabati ya chumba kimoja. Chumba kile kilipita masika mengine chini ya makuti yaliyochakaa. Nililipa sehemu ya hasara. Mjomba alipokea kidogo, akakataa iliyobaki. Majirani sikuwalipa. Kisha vijana wakabandua jedwali langu pale pwani, lote, pamoja na ukurasa wa maji kujaa na kupwa, ambao ulikuwa sahihi. Kwa nini wauamini ukurasa mmoja wa mtu ambaye ukurasa wake mwingine umeozesha nazi? Kwa muda mrefu hakuna aliyenipigia simu kuniuliza saa ya kupwa.

Na bado sikuwa nimeona kosa langu. Nilisema rekodi hazikutosha. Nilisema ningepata vipimo vya miaka mingi zaidi, kwa vituo vingi zaidi, jedwali lingeshika. Nikarudi darasani, nikaandika sentensi ileile ubaoni.

Nililiona kosa miezi baadaye, katika kipindi nilichokiandaa ili kuitetea sentensi hiyo. Nilitaka wanafunzi waone kwa mikono yao kwamba sheria ikiwa wazi, matokeo hayakimbii mbali. Nikawapa sheria rahisi kabisa. Chukua namba iliyo kati ya sifuri na moja. Izidishe kwa kile kilichobaki ili ifike moja. Zidisha jibu kwa 4. Jibu hilo ndilo namba yako mpya, rudia. Hapo hakuna upepo, wingu wala bahati, ni kuzidisha tu. Kundi moja likaanza na 0.3, kundi la pili 0.301. Tofauti yao ni moja kwa elfu. Nikatabiri kwa sauti, mbele ya darasa zima, kwamba watamaliza karibukaribu.

Mara ya kwanza kundi la kwanza likapata 0.840, la pili 0.842. Nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Mara ya tano, 0.088 na 0.069. Mara ya nane, 0.448 na 0.719. Nikasimamisha kipindi, nikawaambia kundi la pili wamekosea kuzidisha. Wakarudia, wakapata yaleyale. Nikachukua kikokotoo cha mmoja wao nikafanya mwenyewe. Mara ya kumi kundi la kwanza walikuwa na 0.043, la pili 0.620.

Nilibaki nimesimama na kikokotoo mkononi. Darasa lilinyamaza, nadhani kwa sababu walizoea kuniona nikiwa na jibu. Sheria ilikuwa wazi kuliko sheria yoyote ya hewa au maji. Hakuna aliyekosea hesabu. Kosa dogo la mwanzo lilikuwa limejizidisha takriban mara mbili kila hatua, mpaka likawa kubwa kama namba yenyewe. Sentensi yangu ilikuwa ubaoni nyuma yangu, na mfano wa kuivunja nilikuwa nimeuleta mimi. Niliwaambia kwamba nilichowafundisha hakiko sawa na kwamba kesho nitawaeleza. Kisha kengele ikapigwa.

Usiku ule nilisoma niliyopaswa kuwa nimeyasoma kabla ya kugusa jedwali la mvua. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Edward Lorenz alikuwa akiiga hali ya hewa ndani ya kompyuta kwa milinganyo michache. Siku moja alitaka kurudia sehemu ya hesabu. Badala ya 0.506127 iliyokuwa ndani ya mashine akaandika 0.506, kama ilivyochapwa kwenye karatasi, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ya mara ya pili ilikuwa imeiacha kabisa ile ya kwanza. Kwanza alidhani mashine imeharibika, kama mimi nilivyodhani wanafunzi wamekosea. Mwaka 1963 akachapisha makala iliyoonyesha kwamba mfumo unaweza kuongozwa na sheria tupu, bila bahati nasibu yoyote, na bado usirudie njia yake wala usitabirike kwa mbali.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya bahari na hewa. Katika kujaa na kupwa, kosa la leo halijizidishi. Msuguano wa sakafu ya bahari hulifuta, na mwezi na jua huyashika maji upya kila siku. Katika hewa, kosa la leo ni chakula cha kosa la kesho. Vyote viwili vina sheria. Nilikuwa nimechukulia kwamba kuwa na sheria na kuweza kujulikana mapema ni jambo moja.

Kuna namba ningependa uione, kwa sababu ndiyo iliyonivunja kiburi kuliko zote. Tuseme kosa katika kuipima hewa hujizidisha mara mbili kila siku 2. Ukitaka utabiri wako uende karibu wiki moja mbele zaidi, lazima upime kwa usahihi mara 10 zaidi, yaani tarakimu moja zaidi baada ya nukta, katika kila kipimo, kila mahali. Kwa mwaka mmoja unahitaji tarakimu kama 55 zaidi. Ukianza na kipimo cha mita moja, tarakimu ya 10 tu imeshakufikisha kwenye upana wa atomu, na hapo umejinunulia kama miezi miwili. Hewa halisi ni kali zaidi ya mfano huu, maana makosa madogo sana hukua upesi zaidi. Wataalamu huweka ukomo wa takriban wiki mbili. Na anayetaka kutabiri bila kikomo anahitaji tarakimu zisizo na kikomo. Akili ile ya Laplace ingehitaji kubeba namba isiyokwisha kwa kila chembe ya vumbi.

Je, namba hizo zisizokwisha zipo katika ulimwengu wenyewe, hata kama sisi hatuwezi kuzisoma? Hapa wanafizikia hawajakubaliana, nami sitajifanya mwamuzi tena. Nicolas Gisin wa Geneva ni mmoja wa wanaosema hazipo: sehemu ndogo ya anga, kwa hoja yake, haiwezi kubeba habari isiyo na mwisho, kwa hiyo tarakimu za mbali bado hazijaamuliwa mpaka wakati wake ufike. Wengine wanashikilia kwamba kila kitu kimekwisha kuamuliwa na kinachotushinda ni kusoma. Chini ya kiwango cha atomu mambo huwa magumu zaidi. Chukua kaboni 14, inayotumika kupimia umri wa makaa na mifupa ya kale. Baada ya miaka 5,730 nusu ya atomu zake zitakuwa zimebadilika, lakini hakuna kipimo kinachosema atomu ipi, wala lini. Mwaka 1964 John Bell alionyesha namna ya kujaribu kama chembe hubeba majibu yaliyokwisha andikwa ndani yake. Majaribio yaliyofuata, ambayo yaliwapatia Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger tuzo ya Nobel mwaka 2022, yalisema hazibebi, isipokuwa ukubali kwamba chembe huathiriana papo hapo hata zikiwa mbali kiasi gani.

Wanafunzi wakaniuliza kama basi hii ndiyo kadari. Niliwajibu kwamba hilo ni la wanazuoni, na kwamba kujua kwa Mungu si kupima. Hesabu ninayowafundisha inawahusu wanaopima. Sijapata jibu bora hadi leo.

Hata mwezi wenyewe, uliojaza kichwa changu, haukusalimika. Jacques Laskar wa Paris alionyesha mwaka 1989 kwamba mizunguko ya sayari nayo hukuza makosa. Ukikosea mahali ilipo dunia leo kwa mita 15, urefu wa jahazi, kosa hilo litafikia kilomita milioni 150 baada ya miaka milioni 100: umbali wote wa kutoka hapa hadi kwenye jua. Jedwali la maji la Ras Mkumbi linashika kwa sababu tunaliuliza mambo ya mwaka kesho. Lingeulizwa ya mamilioni ya miaka lingenyamaza kama la mvua.

Nilipata faraja, lazima niseme, kwa kukuta kwamba mtu mkubwa sana alipita hapa kabla yangu. Henri Poincaré alishinda tuzo ya mfalme Oscar II wa Sweden mwaka 1889 kwa kazi kuhusu mwendo wa vitu vitatu vinavyovutana, kama jua, dunia na mwezi. Kazi ikiandaliwa kuchapwa, Lars Edvard Phragmén, kijana aliyekuwa akiihakiki, akauliza maswali. Baadaye, kazi ikiwa imekwisha kuchapwa, Poincaré akagundua kosa kubwa. Nakala zikakusanywa, naye akalipia uchapaji mpya kutoka mfukoni mwake, kroni 3,585, wakati tuzo yenyewe ilikuwa kroni 2,500. Toleo lililosahihishwa lilitoka mwaka 1890. Ndani yake ndimo ilimoonekana kwa mara ya kwanza kwamba vitu vitatu tu, vikifuata sheria ya Newton bila kuivunja, vinaweza kwenda mwendo usiotabirika. Kosa lake lilizaa fani. Langu liliozesha mbata. Ila yeye alikiri kosa lake mara alipojua, na hilo hata mwalimu wa sekondari analiweza.

Nikarudi pia kwa Laplace, safari hii nikasoma kurasa zinazofuata. Kitabu kile ni cha uwezekano, kile kinachotumika pale usipojua. Baada ya kuieleza ile akili, anasema binadamu huisogelea, lakini atabaki mbali nayo bila kikomo, ndiyo maana anahitaji hesabu ya uwezekano. Nilikuwa nimemnukuu kwa miaka bila kufika mwisho wa hoja yake.

Sasa nirudi kwenye ile alama. Katika mtihani wa kidato cha nne niliuliza: tukizijua sheria zote za mfumo, na hali yake ya mwanzo kwa makadirio, je, tutaijua hali yake ya mwisho kwa makadirio? Msichana mmoja aliandika, kwa Kiingereza cha darasani, kwamba si lazima, maana inategemea kama mfumo unalikuza kosa. Nilimpa sifuri. Pembeni nikaandika, kwa wino mwekundu, asome tena maelezo ya daftari. Alikuwa amesema katika mstari mmoja jambo lililonichukua mimi mbata za watu watatu kulijua.

Nilimtafuta. Ameolewa, anaishi Dar es Salaam, ana biashara yake. Nilimweleza kwa simu kwamba jibu lake lilikuwa sahihi na kwamba kosa lilikuwa langu. Alicheka kwa upole. Akasema swali lenyewe halikumbuki. Anachokumbuka ni kwamba baada ya mtihani ule aliacha kuandika anachofikiri, akawa anaandika ninachotaka. Sikuwa na la kusema. Nilimwomba radhi, akaipokea, tukaagana.

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja upande wetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikitangaza siku kadhaa mbele na kuhuisha taarifa zake kadiri kilivyosogea. Tangu mwaka 1992 vituo vikubwa vya utabiri duniani havitegemei hesabu moja tu. Huendesha hesabu ileile mara nyingi, kila mara kwa mwanzo uliobadilishwa kidogo, vikaona njia zinavyotawanyika. Zikikaa pamoja, mtabiri husema kwa uhakika zaidi. Zikitawanyika, husema kwa tahadhari. Ni kama kundi la 0.3 na kundi la 0.301 kuwekwa kwa makusudi kwenye meza moja. Vyombo vilivutwa juu, boti za Zanzibar zikasimamishwa, na tarehe 4 Mei kimbunga kikaingia nchi kavu hapa Mafia na kupoteza nguvu. Mjomba alinipigia simu siku mbili kabla, kuniuliza nasemaje. Nilimwambia asikilize redio. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu swali la hewa nikiwa mkweli.

Jedwali la maji limerudi kwenye banda la pwani, bila ukurasa wa mvua. Anayeniuliza mvua namwambia, kwa miaka kumi ya namna hii, mingapi hunyesha wiki hii, basi. Mjomba anaendelea kuvunja nazi kwa mafungu, nami nimeacha kumfundisha. Ile kauli yake ya pale uani, kwamba kwa kawaida haijaja ila huwa pia inakuja, ilikuwa utabiri kamili: ilisema kinachotarajiwa na ikasema ni kwa kiasi gani cha kuaminiwa. Jedwali langu lilisema la kwanza tu.

Mwalimu mwenzangu unayesoma haya, ukifika kwenye somo hili wape wanafunzi namba mbili, 0.3 na 0.301, na sheria ile ya kuzidisha. Usiwaambie utabiri wako. Waache wafike mara ya kumi. Na kama kwenye rundo lako la mitihani yupo aliyeandika "si lazima", usimpe sifuri kabla hujamuuliza kwa nini.